Mipira 24 ya Frank Nsubuga

Mwanangu, kila nikikuuliza unafanya kazi gani unanitajia tatu. Asubuhi unaendesha boda. Mchana unatengeneza simu kwenye kibanda cha mwenzako kando ya reli. Jioni unasaidia kukaanga chapati. Sikulaumu. Hapa Namuwongo, Kampala, tunaishi hivyo. Kodi ya chumba haina huruma, na mvua ikizidi, mfereji wa Nakivubo ukafurika, kazi moja husimama na lazima uwe na nyingine. Lakini juzi ulisema wewe ni mtu wa kila kitu, na ulisema kwa fahari. Nami nimewaona watu wa kila kitu. Ngoja nikueleze wanavyopatikana.

Mfano wangu nautoa kwenye kriketi. Najua mtaa huu ni wa kandanda, na timu za Uingereza zikicheza vibanda vya video hujaa mpaka mlangoni. Lakini uwanja wa kriketi wa Lugogo hauko mbali nawe. Ukivuka reli, ukakatiza Eneo la Viwanda mpaka barabara ya Jinja, umefika. Vijana wengi wa hapa huupita kila siku wakipeleka abiria Nakawa, wala hawageuzi shingo.

Kwenye mchezo huo kuna anayerusha mpira na kuna anayeupiga kwa gongo. Nyuma ya mpigaji kuna vijiti vitatu. Mrushaji anavitafuta, mpigaji anavilinda na kukimbia kutafuta pointi, zile wanazoziita mikimbio. Wachezaji wengi huchagua kazi moja kati ya hizo mbili. Yule anayeaminiwa kwa zote mbili, na tena anadaka vizuri akiwa uwanjani, huitwa olraunda. Watu hudhani olraunda ni mtu aliyepewa kipaji mara mbili. Mimi naona ni mtu aliyesubiri mara mbili. Mkono wa kurusha una miaka yake. Jicho la kupiga lina miaka yake. Kudaka nako kuna miaka yake. Huwezi kupunguza miaka ya kimoja kwa sababu unacho kingine.

Sasa nisikilize habari za olraunda Frank Nsubuga.

Alizaliwa Agosti 1980. Aliichezea Uganda mara ya kwanza 1997, akiwa na miaka 16. Mwaka huo nchi yetu haikuwa hata na kiti chake kwenye kriketi ya dunia. Tulikuwa tunahesabiwa ndani ya timu ya Afrika Mashariki na Kati. Kiti chetu wenyewe tulikipata 1998, na 2001 tukaenda Kanada kushindana kwa jina letu. Mchezo ulikuwa umepata pigo tangu 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi, kwa sababu wao walikuwa wengi viwanjani. Shule kama Budo na Mwiri ndizo zilizoendelea kuushika. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 aliyekuwa akirusha mpira Lugogo siku zile hakuwa na Kombe la Dunia la kuliota. Alikuwa na mpira, vijiti na kesho yake.

Siku hizohizo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, naye alikuwa akienda Lugogo. Alianza kwa kuokota mipira iliyovuka mpaka, kisha wakamruhusu arushe. Alikuwa na mkono mzuri. Siyo mimi niliyesema, walisema wao. Alikuwa anarudi jioni na magoti mekundu kwa udongo, ananionyesha jinsi vidole vinavyokaa kwenye mshono wa mpira. Mimi sikutazama vidole. Niliona mdomo mwingine wa kula. Mwezi ule biashara yangu ya useremala ilikuwa imelala, na nikamwambia mpira haupikwi. Nikamtafutia kazi ya kubeba magunia kwenye ghala. Alikwenda, kwa kuwa alikuwa mtoto mtiifu. Gunia lilimlipa siku ileile, na hapo nikadhani nimemsaidia.

Alikaa ghalani muda mfupi tu. Akaenda kwenye boda, akaenda kwenye ujenzi, akauza mitumba soko la Owino, akarudi kwenye boda. Kila kazi aliifahamu nusu. Ni mtu mzima sasa, ana watoto, na hajawahi kunilaumu. Lakini mwanangu, mimi ndiye niliyemfundisha kuacha. Ningeweza kumwambia abebe magunia siku tano na siku ya sita aende Lugogo. Hilo halikunijia akilini. Nilikuwa na haraka kwa niaba yake, na haraka ya mzazi humkaa mtoto hata baada ya njaa kuisha.

Nsubuga yeye alibaki. Sisemi kwamba kwao kulikuwa na pesa kuliko kwetu, maana kriketi ya Uganda haikumfanya mtu tajiri. Alibaki tu. Nyumba yao ilitoa wachezaji watatu wa taifa: yeye, Lawrence Sematimba na Roger Mukasa. Timu ilipanda na kushuka. Mwaka 2007 tulishinda mashindano ya daraja la tatu kule Darwin, Australia, watu wakasema sasa tumefika. Hatukufika. Mwaka 2017 mashindano ya daraja hilo yalichezwa hapahapa kwetu, na tukateremshwa mbele ya macho yetu. Mwaka uliofuata tukapanda tena kwa kushinda daraja la nne Malaysia. Aliocheza nao ujanani waliacha mmoja baada ya mwingine. Wengine walikuja waliozaliwa baada ya yeye kuanza. Yeye aliendelea kurusha mpira wake wa taratibu, ule unaozunguka ukigusa ardhi, na kudaka pale karibu na mpigaji, mahali mpira unapokuja kwa kasi na hakuna muda wa kufikiri.

Ilipofika Novemba 2023, Uganda ilikuwa Windhoek, Namibia, kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la ova 20. Tarehe 26 tuliifunga Zimbabwe, nchi inayocheza kriketi ya juu kabisa. Tarehe 30 tuliifunga Rwanda, na nafasi ikawa yetu. Uganda ikawa nchi ya tano ya Afrika kufika huko. Hesabu mwenyewe: kutoka 1997 mpaka 2023. Mtoto aliyezaliwa siku Nsubuga alipoanza alikuwa amekwisha kuwa baba.

Kombe lilichezwa mwaka uliofuata. Mechi zetu za kwanza zilichezwa Guyana, Amerika ya Kusini, na huku kwetu ilikuwa usiku wa manane. Nilikesha na simu ya mjukuu wangu. Afghanistan walitushinda vibaya sana, mikimbio 183 kwa 58. Niliona vijana wetu wakitoka uwanjani na nikafikiri maskini, wamekwenda mbali kuaibishwa. Siku mbili baadaye, Juni 5 kwa saa za kule, tulikutana na Papua New Guinea. Nsubuga alikuwa na miaka 43, mkubwa kuliko mchezaji yeyote kwenye Kombe lile.

Kwenye mchezo wa ova 20, mrushaji mmoja anaruhusiwa ova nne, na kila ova ina mipira sita. Ndiyo mipira 24. Umri wote ule, safari zote zile, na unapewa mipira 24. Katika ova mbili hakutoa mkimbio hata mmoja. Katika zote nne alitoa mikimbio minne tu, na akachukua wiketi mbili, yaani akawatoa wapigaji wawili. Mpaka siku ile hakuna aliyewahi kurusha ova nne kwenye Kombe hilo kwa ubahili kama ule. Nilitazama mkono wake. Hakufanya kitu kipya. Aliuweka mpira palepale, na tena palepale, na wapigaji vijana wenye nguvu za kutosha kuupeleka mpira mtoni walishindwa kuugusa vizuri. Wakatolewa wote kwa 77.

Usidhani kazi ikawa nyepesi. Sisi nasi tulianza kuanguka. Tulikuwa na mikimbio 26 na watano wametoka. Hapo akasimama Riazat Ali Shah, olraunda mwingine, na mwenzake Juma Miyagi, kijana wa Naguru. Naguru unaijua. Vichochoro vyake na vyetu ni ndugu. Mchezo wa ova 20 ni wa watu wenye haraka, kila mtu anataka kupiga mpira uvuke mpaka. Riazat alicheza mipira 56 kupata mikimbio 33. Kwa siku nyingine wangemzomea kwa uzito ule. Usiku ule uzito huo ndio ulikuwa dawa. Alijua hatuhitaji utukufu, tunahitaji mikimbio 78. Tulishinda wiketi tatu zikiwa zimebaki, ushindi wa kwanza wa Uganda kwenye Kombe la Dunia, na alipewa yeye tuzo ya mchezaji bora wa mechi. Nililia, mwanangu. Mjukuu wangu alishtuka, hakuwahi kuniona hivyo.

Rekodi ya Nsubuga ilidumu siku 12. Tarehe 17 mwezi uleule Lockie Ferguson wa New Zealand alirusha ova nne bila kutoa mkimbio hata mmoja, dhidi ya Papua New Guinea haohao. Na sisi baada ya ushindi ule tulitolewa kwa mikimbio 39 na West Indies, kisha 40 na New Zealand. Nakwambia haya yote ili usije ukafikiri subira inalipa kama mshahara wa mwisho wa mwezi. Wakati mwingine inalipa usiku mmoja. Lakini kama Nsubuga angeacha akiwa na miaka 30, au 35, au 40, na kila mara angekuwa na sababu nzuri, usiku ule ungempita.

Kuna olraunda mwingine ninayemfikiria ninapokuona umekata tamaa. Huyu aliichezea Uingereza, lakini alizaliwa Nairobi, Septemba 1958. Jina lake Derek Pringle. Baba yake, Don Pringle, alikuwa kwenye timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Kombe la Dunia la kwanza kabisa, 1975, Uingereza. Kwenye timu ile kulikuwa na Waganda pia, Samuel Walusimbi na John Nagenda, yule yule Nagenda aliyekuja kuwa mwandishi na mshauri wa Rais. Walicheza mechi tatu, wakafungwa zote. Oktoba ya mwaka uleule Don Pringle akafa kwenye ajali ya gari huko Nairobi. Kijana wake alikuwa na miaka 17.

Derek alikua mrefu kama mlingoti, akasoma Cambridge, na 1982 akaitwa timu ya taifa ya Uingereza akiwa bado mwanafunzi. Wakati ule Uingereza walikuwa na Ian Botham, olraunda aliyewavutia watu mpaka wasiojua mchezo. Kila kijana aliyerusha na kupiga alipimwa kwa Botham. Fikiria mzigo huo. Wewe mwenyewe unajua jinsi ilivyo kuishi jirani na kijana aliyenunua gari, kila mzazi anakutajia jina lake. Pringle aliitwa, akaachwa, akaitwa tena, akaachwa. Kati ya 1982 na 1992 alicheza mechi 30 za siku tano, akapata mikimbio 695 na wiketi 70. Si hesabu ya Botham, na magazeti hayakumwacha asahau.

Lakini tutazame mahali pengine. Kati ya kuitwa na kuachwa, alikuwa akirudi kwenye timu yake ya kaunti, Essex, na kufanya kazi. Essex walichukua ubingwa 1983, 1984, 1986, 1991 na 1992. Hapo ndipo alipoishi, si kwenye magazeti. Juni 1991, kwenye uwanja wa Headingley, Uingereza ilikuwa hatarini mbele ya West Indies. Nahodha Graham Gooch alikuwa anapiga vizuri, ila wenzake walikuwa wanatoka. Pringle akaingia akasimama naye. Yeye mwenyewe alipata 27 tu. Gooch alimaliza na 154 bila kutolewa, na watu wanaikumbuka siku ile kwa jina la Gooch. Ni haki. Lakini pamoja waliongeza 98, na mtu hawezi kuongeza 98 peke yake. Uingereza ilishinda.

Kisha Machi 1992, Melbourne, fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Pakistan. Pringle alirusha ova kumi, akatoa mikimbio 22 tu, akachukua wiketi tatu. Mara mbili aliamini amemtoa Javed Miandad, akamgeukia mwamuzi, na mwamuzi akakataa. Miandad akaendelea kupiga. Uingereza ikashindwa kwa mikimbio 22. Mtu anaweza kufanya kazi yake vizuri kuliko wote upande wake na bado akarudi nyumbani bila kombe. Sikuambii hili kukuvunja moyo. Nakwambia kwa sababu litakupata, na sitaki siku hiyo udhani umelaaniwa.

Sasa kuna jambo ninalolisema kwa uchungu. Nimeziona karatasi za kubeti mfukoni mwako. Nimekuona Jumamosi ukikaa pale na wenzako, macho kwenye skrini, pesa ya mafuta ya boda imekwisha kwenda.

Kenya walikuwa na olraunda aliyeitwa Maurice Odumbe. Februari 29, 1996, kule Pune, India, aliiongoza Kenya dhidi ya West Indies, timu iliyokuwa na Brian Lara. Kenya walipata 166 tu. West Indies wakatolewa kwa 93. Odumbe alirusha ova kumi, mikimbio 15, wiketi tatu, akawa mchezaji bora wa mechi. Afrika Mashariki yote ilisimama. Hata hapa Kampala watu wasiojua wiketi ni nini walikuwa wanalitaja jina lake. Miaka minane baadaye, Agosti 2004, akafungiwa miaka mitano, baada ya kukutwa na hatia ya kupokea pesa kwa mtu wa kamari. Mwenyewe alikana. Alikuwa na miaka 35, umri ambao olraunda anavuna alichopanda. Alirudi kucheza adhabu ilipokwisha, akiwa na miaka 40, na namheshimu kwa kurudi. Lakini miaka ile mitano hakuna aliyemrudishia. Yeye alikuwa mkubwa kuliko wewe na mimi, na kamari ilimfikia. Wewe inakufikia kila ukiwasha simu.

Nawe binti yangu unayesoma pembeni ya kaka yako, usidhani haya ni ya wavulana. Janet Mbabazi ni olraunda, na amekuwa nahodha wa timu ya wanawake ya Uganda. Yeye pia alipita njia hiyohiyo ya miaka.

Nirudi kwenye kazi zako tatu. Sikwambii uache mbili. Boda inalipa kodi, iache iendelee kulipa. Chapati zinakulisha jioni. Lakini nimekutazama, na simu ndiyo kazi inayokutuliza. Ukiwa umeinamia simu iliyofunguliwa husikii hata treni ikipita. Unachojua sasa ni kubadilisha kioo na kuweka tundu jipya la chaja, na hilo kila kijana wa barabara hii analijua. Mwenye kibanda anajua kufungua boadi, kupima umeme unakopotea, kulehemu kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Hiyo ni miaka. Huwezi kuipata ukija saa mbili leo na kutokuja kesho kwa sababu abiria wamekuwa wengi.

Muulize kama atakubali ukae naye kila mchana mpaka saa kumi, hata abiria wakiwa wengi, hata Nakivubo ukifurika. Mwanzoni atakupa simu zilizokufa, zisizo na mwenyewe. Zifungue, zifunge, zifungue tena. Atakukaripia. Usihame kibanda kwa kukaripiwa. Siku utakayoharibu boadi ya mteja, mwambie mwenye kibanda kabla hajagundua, na mlipe kidogo kidogo kutoka kwenye boda. Mtoto wa mpwa wangu ana miaka 12 na ameanza kuniuliza habari za Lugogo. Jumamosi nampeleka kwa miguu. Kama mafuta yako bado yapo, tuchukue wote wawili saa tatu asubuhi, tutakuwa pale kwenye njia ya reli.